Zamu ya Tano

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi, mwembamba kama unywele uliosimama, na mtu mwingine angeupita bila kuujali. Nikuze aliujali kwa sababu mchana ule alikuwa ameifunga redio masikio. Alichomoa antena, akaufunika mdomo wa waya kwa kifuniko cha chuma, akakaza mpaka vidole vikamuuma. Redio isiyoingiza kitu haina cha kuonyesha ila kelele yake yenyewe, zile chengachenga zinazotambaa chini ya grafu kama nyasi zilizokatwa. Katikati ya nyasi hizo, mstari ulisimama.

"Wewe umeingilia wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayemsemesha kuku aliyemkuta chumbani.

Ilikuwa saa nane, mvua ya masika inamwagika juu ya mabati ya Omurushaka, na barabarani lori la kahawa lilikuwa limekwama likipiga honi. Mama yake, Costansia, alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, shuka miguuni, akitazama maji yakipita uani. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Gharib. Nikuze aliipanga mwaka uliopita, baada ya mama kupata kiharusi kule kwao Kaisho. Hapa mjini kulikuwa na kliniki ya kumpeleka mazoezi na mtandao wa kumtosha yeye kufanya kazi yake, kazi ambayo hakuna jirani aliyewahi kuielewa hadi mwisho.

Alikuwa mbunifu wa vigeuzi. Kigeuzi ni kichipu kidogo kuliko ukucha wa mtoto; kinapokea wimbi la redio na kulipima, tena na tena, kila kipimo kikawa namba, ili kompyuta ipate kusoma. Redio ya kawaida husikiliza kituo kimoja na kuviacha vingine vipite. Hii aliyokuwa akiitengeneza na wenzake wa Dar es Salaam ilitakiwa kuvisikiliza vyote kwa pamoja: simu za mkononi, marubani, polisi, mabaharia, mlango mmoja mpana usiomfungia mtu. Kwa kazi hiyo wimbi lilihitaji kupimwa mara bilioni nne kwa sekunde, na kipimaji kimoja hakiwezi mwendo huo. Kwa hiyo Nikuze alivipanga vipimaji vinne ndani ya chipu, vikipokezana zamu, kama wanawake wanne wanaotwanga katika kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka. Mmoja akichelewa hata chembe, mwendo unachechemea, na kila kuchechemea huota mstari wake kwenye grafu, mahali panapojulikana.

Mstari huu haukuwa mahali pa wanne. Alipiga hesabu mara tatu, mara ya tatu kwa kalamu na karatasi. Ulisimama pale ambapo ungesimama kama kinuni kungekuwa na mtwangaji wa tano.

Alijaribu kila alichokijua. Alikata umeme wa ukutani akatumia betri. Akaifunikia bodi sufuria ya kupikia ndizi ili isipate wimbi lolote la nje. Akapunguza mwendo wa saa ya chipu, na mstari ukapunguza nao, sawasawa na vile ambavyo wa tano angepunguza kama kweli yupo. Haukutoka nje, basi. Ulikuwa ndani, ukihesabu pamoja na wenzake.

Alipoinua sufuria, harufu ilimpiga usoni: chokaa mbichi, ile iliyochanganywa na maji sasa hivi. Aligeuka kutazama kama kuna mtu anapaka ukuta. Hakukuwa na mtu.

Jioni hiyo alipompelekea mama uji, mama alitikisa kichwa.

"Nimeshakunywa."

Tangu kiharusi, upande wa kulia wa mama ulikuwa umelala, na maneno yalimtoka yakiwa yameloa, ikabidi mtu ainame kuyaokota.

"Amekunywesha nani, mama?"

"Wewe. Ukanikuna mgongo. Ukaniimbia."

"Nilikuimbia nini?"

Mama alifikiri. "Wimbo wa watu wa pwani. Sikujua kama unaujua."

Nikuze alitazama jikoni. Bakuli lilikuwa limeoshwa na kupinduliwa juu ya kitambaa, jambo ambalo yeye hakuwahi kulifanya maishani. Yeye aliyaacha mabakuli kwenye beseni mpaka yaishe yote. Alisimama hapo muda mrefu, akijaribu kukumbuka saa moja iliyopita. Aliikumbuka vizuri, isipokuwa sehemu moja katikati, kama ukurasa uliochanwa daftarini kwa uangalifu.

Kesho yake aliweka saa ya ukutani mbele yake na kuandika kila alichofanya. Saa tatu na dakika arobaini na nane aliandika "nabadilisha waya". Akasikia harufu ya chokaa. Alipoangalia tena ilikuwa saa nne kamili, waya ulikuwa umeshabadilishwa, na mikono yake ilikuwa juu ya mapaja imepangwa vizuri kama ya mgeni. Dakika kumi na mbili. Saa iliyofuata zikapotea kumi na mbili nyingine. Alijua kugawanya sitini kwa tano, lakini aligawanya tena na tena akitumaini jibu litabadilika.

Ilimpasa aizime redio siku hiyo. Baadaye alijilaumu sana, na mimi ninayesimulia sitamtetea, ila nitasema alichokiona. Mstari wa tano uliporefuka, ile mingine minne, mistari ya makosa iliyomtesa miaka miwili, ilianza kufifia. Mmoja ulizama kwenye nyasi. Ukazama wa pili. Hadi adhuhuri grafu ilikuwa safi kuliko grafu yoyote aliyowahi kuiona, yake au ya watu wa nchi zenye viwanda. Aliituma kwa mkuu wake, Melkiory, bila kusema neno, na simu ikaita kabla hajaweka kikombe chini.

"Dada Nikuze, umefanyaje?"

"Bado natazama."

"Unatazama nini? Hiki ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Wateja wanakuja mwisho wa mwezi, na wenye kampuni walishaniambia mradi ukishindwa safari hii wanaufunga, sote tunarudi nyumbani. Usiguse kitu. Iache iwake siku tatu, ijaze data. Niahidi."

Alimwahidi. Aliiacha iwake siku tatu, na katika siku hizo tatu dakika kumi na mbili zilikuwa zikijikusanya, hazikuja tena kila saa bali zilikuja pamoja, muda wa karibu saa tano kwa mkupuo, alasiri yote. Alikuwa akikaa mezani baada ya chakula cha mchana na kuzinduka wakati mabati yameshapoa, nyumba imefagiwa, mama amesukwa nywele mafungu madogo madogo kwa mtindo ambao hakuna mtu wa Kaisho anaujua.

Siku ya tatu asubuhi aliamua kusikiliza. Aliandika amri fupi kwenye kompyuta: iokote kila namba ya tano, izipange, izifanye sauti. Akavaa vifaa vya masikioni.

Kwanza ilikuwa mvua. Halafu kiti cha mama kikilia, kile kilio chake cha mguu mmoja uliolegea. Halafu akasikia sauti yake mwenyewe, ikiwa tulivu, ikiimba polepole kwa Kiswahili cha watu wa zamani, na mama akicheka, na sauti yake ikimuuliza mama kama anahisi baridi, kama mkono unauma, kama anamkumbuka marehemu Mbonimpa mumewe, maswali ambayo Nikuze hakuwa amepata nafasi ya kumuuliza mwaka mzima. Wimbo ukakatika. Nyayo zikatembea kutoka dirishani, zikavuka chumba, zikasogea, zikasogea mpaka zikafika pale ambapo masikio yake yalikuwa, na sauti yake mwenyewe ikamwambia kwa karibu, bila hasira:

"Usizime. Bado zamu yangu ndogo."

Aling'oa waya wa umeme, akang'oa na wa betri, akairushia bodi kanga na kurudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Mgongoni akahisi mchanga. Aligeuka. Ukuta nyuma ya kabati la vifaa ulikuwa umekwanguliwa, duara pana kama ungo, rangi ya kijani imeondoka, plasta imeondoka, na chini yake palionekana kiraka cha zamani cha chokaa nyeupe kilichochimbwa mpaka katikati. Alitazama kucha zake. Chokaa ilikuwa imejaa ndani ya kila kucha, na vidole viwili vilikuwa vimechubuka.

Kuzima hakukusaidia. Alasiri ilipofika, chokaa ikanuka, na alasiri ikapotea kama zile nyingine, bodi ikiwa imelala chini ya kanga haina umeme. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mlango alikuwa ameufunga baada ya mgeni kupita.

Asubuhi iliyofuata alimpigia Hagenimana, dereva wa taksi kutoka kwao Kaisho aliyesoma naye shule ya msingi. Walimbeba mama mpaka kiti cha nyuma, wakaweka dawa, nguo, na chupa ya chai. Kabla ya gari kuondoka Nikuze alishika dirisha la dereva.

"Hage, nisikilize. Njiani nikikuambia rudi, usirudi. Hata nikikuambia nimesahau nini. Hata nikilia."

"Una ugomvi na mtu?"

"Usirudi tu."

"Sawa, dada. Sirudi."

Walipita vilima vya kwanza ukungu ukiwa bado bondeni, vibanja vya migomba pande zote mbili, watoto wakielekea shule wamejifunika magunia ya nailoni kwa ajili ya mvua, na Nikuze alimshika mama mkono ule uliolala akajisemea kwamba ni asubuhi, zamu ya yule ni alasiri, wakifika Nkwenda watakuwa wamevuka nusu, wakifika Kaisho kuna padri, kuna ndugu, kuna ardhi ya baba yake, na hakuna ukuta hata mmoja wenye chokaa. Na walipoiona Nkwenda, mabati yake yaking'aa baada ya mvua, alishusha pumzi, na katika pumzi hiyo kulikuwa na harufu.

Alizinduka amekaa mezani kwake Omurushaka. Bodi ilikuwa imewashwa. Mama alikuwa dirishani kwenye kiti chake, shuka miguuni, na nguo zote zilikuwa zimerudishwa kabatini zimekunjwa.

Alimpigia Hagenimana. Simu iliita muda mrefu.

"Nilikuambia usirudi."

"Dada," alisema Hagenimana, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nilikataa mara tatu. Ukashuka, ukapiga magoti kwenye tope mbele ya gari, watu wa Nkwenda wote wanaangalia. Ukasema mama anakufa, dawa ya moyo imebaki mezani. Ningefanyaje? Ningeacha mama yako afe?"

Nikuze alitazama magoti yake. Tope lilikuwa limekauka.

Alitembea mpaka dukani. Mzee Gharib alikuwa akimpimia mteja misumari. Alipomwona alivyo alimalizia haraka na kuvuta mlango nusu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, injinia. Mama hajambo?"

"Kile chumba ninachofanyia kazi, nani aliuziba ukuta wake, na kwa nini?"

Mzee Gharib aligeukia meza. Alianza kupanga misumari iliyokwisha kupangwa.

"Mzee, nakuuliza kwa heshima."

"Ilikuwa zamani," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Miaka ishirini na kitu. Nilidhani yameisha. Kaa hapo. Nimwite dada yangu."

Bi Shufaa alikuja akiwa na buibui lililofifia na mkoba wa vitabu. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mnene, mwenye mguu mbaya. Baba yao alitoka Pangani na biashara ya nguo akaishia Karagwe, na yeye alizaliwa hapahapa, lakini Kiswahili chake kilibaki cha kwao. Hakukaa. Alikwenda na Nikuze moja kwa moja nyumba ya nyuma, akanusa hewa ya chumba, akatazama ukuta uliochimbwa, akatazama bodi, akatazama mafungu ya nywele kichwani kwa Costansia, na machozi yakamshuka bila sauti.

"Nywele hizo nilikuwa nikisukwa mimi," alinong'ona. "Nilikuwa nikijikuta nimesukwa."

"Ni nini, Bi Shufaa?"

"Punguza sauti, mwanangu. Zamu yake iko karibu." Alimvuta mpaka mlangoni. "Nyumbani tulikuwa wanne. Mama, Gharib, mdogo wetu, na mimi. Siku moja nikapakua chakula, nikahesabu sahani tano. Nikarudisha moja. Kesho yake tano tena. Ndivyo aingiavyo yule. Havunji mlango. Hukaa panapopokezana, katikati ya mkono uachao na mkono upokeao. Kwangu alianza na zamu moja kati ya tano. Hakukoma hapo."

"Alifika wapi?"

"Nne. Mwaka mzima nilikuwa nikiamka siku moja baada ya siku nne, nikiuliza leo ni lini. Niliolewa sipo, mwanangu. Nikaachwa sipo." Alijifuta uso. "Marehemu mama alimleta mtu wa kwetu. Akamfungia huko ukutani, akamtajia milango yote, mmoja mmoja, amkataze: kinywa, sikio, dirisha, kizingiti, moshi wa jikoni, ndoto. Hakujua kutakuja mlango kama hiyo redio yako. Nani angejua? Nitamsomea kisomo, nimrudishe ukutani."

"Mimi ni Mkatoliki, Bi Shufaa. Sijui kama kisomo chako..."

"Yeye hakukuuliza dini."

Walianza siku hiyohiyo. Bi Shufaa alisema lazima mlango aliopita uwe wazi, ndipo atoke, na Nikuze alikuwa na lake la kuongeza: akishatoka yule, yeye ataamuru vipimaji vitatu vizimwe kibaki kimoja, kisipokezane na yeyote, kusiwe na katikati ya kukaa. Wakawasha bodi. Wakafukiza ubani kwenye chetezo. Bi Shufaa akasoma, na sauti yake ikapanda na kushuka, na Nikuze akaweka kidole juu ya kitufe akisubiri.

Alizinduka ubani umekwisha, Bi Shufaa amekaa sakafuni akilia. "Amesema harudi ukutani. Amesema humo hakuna kitu."

Siku ya pili alizinduka kanga imechanika, na kioo cha dirisha kimepasuka.

Siku ya tatu alizinduka mikono yake ikiwa imeshika viwiko vya Bi Shufaa kwa nguvu hata kucha zimeingia nyamani, na sasa zamu haikuwa alasiri tu. Ilikuwa imeanza asubuhi, ilikuwa imekula siku nzima, na simu yake ilionyesha kwamba katika siku hiyo alikuwa amezungumza na Melkiory nusu saa, amekubali kila alichoombwa, ametuma michoro yote, amecheka. Alisikiliza ujumbe wa Melkiory wa kumshukuru, jinsi alivyo mchangamfu siku hizi, na akaona wazi jinsi maisha yake yatakavyoendelea vizuri bila yeye kuwemo: kazi itafanyika, bakuli litaoshwa, mama atasukwa, na yeye atakuwa mahali fulani ambako hakuna mchana wala giza, akingoja kuitwa kama mtu aliyefungiwa ghalani anayesikia wenzake wakila, na hata hatasikia.

"Nini kitamtoa?" alimuuliza Bi Shufaa.

"Anataka mtu. Ukuta hataki. Akipata mtu mwingine anayemkubali kwa hiari yake, atakuacha. Na hilo, mwanangu, sisi hatulifanyi."

Walikuwa wananong'ona mlangoni. Walisahau kwamba Costansia, aliyepoteza mkono na mguu na nusu ya ulimi, hakupoteza sikio.

"Nikuze," aliita. "Njoo."

Nikuze alipiga magoti kando ya kiti.

"Huyo anayeniimbia," alisema mama, neno moja moja. "Ndiye mnayemtoa?"

"Ndiye, mama."

"Nisogezeni mezani."

"Hapana."

"Mimi zamu zangu zimebaki chache. Wewe ndio kwanza..."

"Mama, hapana. Nimesema hapana." Nikuze aliushika ule mkono uliolala, akaubana kifuani. "Tutatafuta mtu mwingine wa kusoma. Tutakwenda Bukoba. Usilitaje tena hilo jambo. Niahidi."

Mama alimtazama kwa jicho lake zima. Hakuahidi. Na kabla Nikuze hajarudia, chokaa ilinuka.

Alizinduka mchana mweupe. Kwa mara ya kwanza tangu mstari ule usimame aliona kila kitu kwa ukali wake: nzi kwenye dirisha, sauti ya redio dukani, njaa tumboni. Bodi ilikuwa imezimwa. Hakukuwa na harufu. Bi Shufaa alikuwa ameegemea ukuta, uso umemwishia rangi, na kiti cha karibu na dirisha kilikuwa kitupu.

"Sikuweza kumzuia," alisema Bi Shufaa. "Wewe mwenyewe ulimbeba ukamsogeza mezani. Yaani yeye. Wakazungumza. Mama yako akamwambia, mwache mtoto, nichukue mimi, nakukaribisha. Akasema hivyo mara tatu, neno kwa neno, akijikaza. Ukaanguka. Akasimama."

"Nani amesimama?"

Mlango wa jikoni ulifunguka. Costansia aliingia akitembea kwa miguu yake miwili, mgongo umenyooka, amebeba sinia lenye vikombe vya chai kwa mkono wake wa kulia. Alikiweka kikombe mbele ya Bi Shufaa kwanza, kama desturi ya kumtanguliza mgeni, akamtazama na kutabasamu kwa mdomo uliokaa sawa.

"Umenenepa, Shufaa," alisema, kwa Kiswahili laini cha pwani.

Bi Shufaa aliondoka bila kunywa. Yeye na Gharib walikuja tena na wasomaji wengine, wawili kutoka Bukoba, mmoja kutoka Mwanza. Na Nikuze akamleta padri. Wote walisema jambo moja kwa namna tofauti. Aliyeingia kwa nguvu hutolewa kwa nguvu. Aliyekaribishwa ana haki ya mgeni, na aliyemkaribisha ndiye peke yake awezaye kumwambia aondoke.

Nikuze aliipasua bodi kwa nyundo kutoka duka la Gharib, chipu baada ya chipu. Alimwandikia Melkiory kwamba matokeo yalikuwa ya uongo, kwamba michoro aliyotumiwa isitengenezwe, na akamweleza kosa la kiufundi alilolibuni yeye, kubwa la kutosha mtu asithubutu kulipuuza. Melkiory alipiga simu mara nyingi. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa mfupi, wa mtu aliyekwisha kulia: mradi umefungwa. Nikuze aliusoma akaweka simu chini. Aliwaonea huruma, lakini huruma ile ilitoka mbali.

Akamrudisha mama Kaisho, na safari hii gari halikuzuiwa na mtu.

Kijiji kizima kilitoka. Niyonsaba, katekista, alipanga misa ya shukrani, kwa sababu mama aliyeondoka amebebwa kwenye shuka alikuwa amerudi anatembea. Costansia alishika jembe wiki hiyohiyo. Alipogoa migomba, akapanda maharage, akabeba mkungu kichwani kutoka bondeni, akawasuka wasichana wa jirani. Watu walisema Nikuze ni mtoto wa kuigwa, ameacha kazi ya mjini ili amtunze mama, na mama amepona. Walishangaa kidogo tu kwamba Costansia alikuwa amejifunza kusema Kiswahili vizuri hivyo huko Omurushaka.

Lakini kila siku, mwanzoni, kulikuwa na zamu za mama. Zilikuwa nyingi bado. Angekuwa anapalilia, na ghafla mkono wa kulia ungeanguka, jembe lingedondoka, mdomo ungepinda, na mguu ungekataa, naye angeshuka chini palepale kwenye maharage. Nikuze angeacha kila kitu, angekimbia, angemkalisha na kumwegemeza kifuani.

"Ni mimi," angesema mama, kwa yale maneno yake yaliyoloa.

"Najua, mama. Mwambie aondoke. Nakuomba. Mwambie tu."

"Ataondoka aende wapi?" Na jicho zima la mama lingemtazama, likampima. "Umekula?"

Majirani waliona hayo na hawakuyapenda. Walinong'ona kisimani: yule binti ana moyo gani, mama anaanguka, yeye uso unang'aa; mama anasimama, yeye analia. Kantengwa, jirani wa karibu, alimkanya mbele ya watu. Nikuze alijitwisha ndoo yake akaondoka. Angewaambia nini? Kwamba anamwombea mama yake aanguke?

Mavuno ya maharage yalipokaribia, mama alikuwa akianguka mara mbili kwa siku. Kisha mara moja. Katika mara hiyo moja hakuuliza kama Nikuze amekula. Alimtazama muda mrefu, akilitafuta jina lake.

Siku iliyofuata Nikuze alikaa kizingitini tangu ukungu unainuka, maji ya kunywa na shuka viko tayari kando yake, akimwangalia Costansia akivuna. Mstari wa kwanza uliisha. Ukaisha wa pili. Mwanamke yule alikwenda wima, haraka, bila kupumzika, akiimba, na mkono wake wa kulia uling'oa shina baada ya shina mpaka jua likapita katikati ya kibanja na kuanza kushuka upande wa mto, na mkono haukuanguka.